Nyimbo Zilizofika Kwetu Bila Maneno

Tulipokuwa tunatoa vitu chumbani kwa Mama, baada ya matanga, nilikuta spika juu ya kabati. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe ambacho wenzangu wa umri huu mnakijua, kilichofunika kila kitu cha heshima nyumbani, hata zile glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea. Spika yenyewe ni ndogo, nyeusi, ina wavu mbele na mkia mfupi wa waya nyuma, uliokatwa kwa kisu. Binti wa mjomba aliitikisa akasema, "Dada Robi, hii imekufa, tuitupe tu." Nilimpokonya kabla hajamaliza. Niliinusa. Ilinuka moshi wa kuni, vumbi, na plastiki iliyowahi kupata joto, na papo hapo nikarudi utotoni Susuni, kijijini kwa Baba, miguu imejaa matope ya zizini, nimekaa chini ya ukuta nangoja muziki uanze.

Mama aliibeba spika hiyo kutoka Tarime mpaka Nata, kwao Serengeti, siku tulipoondoka kwa Baba. Hakuwahi kuiunganisha na kitu chochote. Nilipomuuliza inafanya kazi gani pale juu, alinijibu, "Ni haki yangu," akaendelea kuchambua mchicha. Mama alikuwa na majibu ya namna hiyo, mafupi, ukigonga hayafunguki.

Alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza tulimwita Mama Mkubwa, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji kizima. Yeye alikaa nyumba kubwa, iliyokuwa na sebule ambamo Baba alipokea wageni wake. Nyumba yetu ilikuwa upande wa pili wa zizi, na nyuma, karibu na migomba, alikaa Bibi, mama yake Baba, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaanza kumuaga. Baba alifanya kazi Nyamongo, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alirudi baadhi ya Jumamosi akiwa na vumbi la kijivu kwenye nyusi, na sisi watoto tulijua kwamba mfuko wake ungefunguliwa nyumba kubwa kwanza, kisha kwetu, kisha kwa Bibi.

Kwetu mwanaume mwenye wake wawili hapimwi kwa alichonunua, anapimwa kwa alivyogawa. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina njia yake. Mguu unaelekea nyumba kubwa, shingo inakuja nyumba ya pili, na ole wako wewe mtoto uliyetumwa sahani ukakosea mlango. Nilijifunza mgawo huo kabla sijajifunza kuhesabu, na sikuuona kama uonevu. Niliuona kama mvua kunyesha.

Ndipo Jumamosi moja Baba akaja na boksi kubwa nyuma ya bodaboda. Lilikuwa hom thieta: amplifaya nyeusi yenye maandishi ya bluu usoni, spika tano ndogo zinazofanana kama vifaranga, na moja kubwa ya besi. Sisi wote tuliiita redio tu. Kuku walishambulia lile povu jeupe la kwenye boksi wakidhani ni punje, na Mama Mkubwa akawafukuza kwa kanga huku akicheka. Ndani kulikuwa na karatasi yenye picha ya mzungu amekaa kwenye kochi, spika zimemzunguka mbele na nyuma. Baba aliigeuza picha ile huku na huku.

"Huyu spika zote hizi anasikiliza peke yake?" akauliza. "Hana watu? Mimi nina nyumba tatu."

Akagawa. Spika tatu za mbele pamoja na ile ya besi zilibaki sebuleni nyumba kubwa, kwa sababu ndiko wageni walikokaa. Zile mbili za nyuma alizifungia waya mrefu. Moja ilikwenda kwa Bibi, nyingine ikaja kwetu, waya wake umepitishwa juu ya nguzo za zizi ili pembe za ng'ombe zisiunase. Baba mwenyewe alipanda kwenye stuli akaigongomea spika yetu ukutani, juu ya kitanda cha Mama. Alishuka amelowa jasho. "Sasa hakuna atakayesema sikumpa," alisema, na Mama alicheka kwa aibu, akaifuta spika kwa ncha ya kanga ingawa ilikuwa mpya. Sola ilikuwa juu ya bati la nyumba kubwa, na ufunguo wa sebule alikuwa nao Mama Mkubwa. Alipowasha, boma zima liliwaka.

Kwetu nyimbo zilifika bila maneno. Magitaa yalikuja, ngoma zilikuja, kinanda kilikuja, lakini pale ambapo mtu alipaswa kuimba palikuwa na kama uwazi, au sauti ya mbali sana, kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mtangazaji alipozungumza, spika yetu ilikaa kimya kabisa. Nikitumwa chumvi nyumba kubwa niliyakuta maneno yote huko, mazima, yanasikika hadi jikoni. Wala sikushangaa. Kwa akili yangu ya mtoto, wimbo ulikuwa kama mbuzi. Maneno ndiyo mguu, yanakwenda kwa mke mkubwa. Sisi tulipata shingo.

Mama naye aliona hivyo hivyo, nadhani. Hakulalamika. Mke mdogo mgeni, mtu wa Nata katikati ya Wakurya, angekwenda kulalamika kwamba wimbo aliopewa una mapengo? Wangemcheka hadi sokoni. Badala yake aliyaziba mapengo mwenyewe. Magitaa yakianza, yeye alitia maneno yake, kwa Kinata, lugha ya kwao, huku akipura maharage: maneno juu ya mama yake aliyemwacha kwao, juu ya mto wa kwao, juu ya ndama wetu mwenye madoa ambaye hakutaka kunyonya. Alikuwa na sauti nzuri, nyembamba, inayopanda bila kujikaza. Nilikua nikiamini ndivyo nyimbo zilivyo, kwamba redio huleta ala na kila nyumba hutia maneno yake. Nilipoimba wimbo mmoja shuleni kwa maneno ya Mama, darasa zima lilivunjika mbavu. Nilirudi nyumbani nikilia, na Mama akaniambia, "Waache. Wao wameimbiwa, wewe umetungiwa."

Ile ndiyo raha kubwa kuliko zote niliyowahi kuwa nayo. Ningependa kuishia hapo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali baada ya kuvuna. Mimi na Mama tulikuwa ndani tunapukuchua mahindi. Mama Mkubwa aliwasha redio kama kawaida yake, maana saa ile ya matangazo ya vifo alikuwa haikosi. Watu wa rika langu mnakumbuka: simu zilikuwa chache, mtandao ulipanda na kushuka, na mtu akifa, familia ilipeleka tangazo redioni, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Spika yetu ilinyamaza, kama ilivyonyamaza kila saa ya matangazo. Kisha muziki ukarudi, na Mama akadaka mlio wa gitaa palepale akaimba.

Nilitoka kumwaga magunzi nikamwona Mama Mkubwa amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani, anatutazama. Alisimama vile kwa muda mrefu, Mama akiimba ndani, kisha akaingia na kuzima redio.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, ingawa wa kwetu mnalijua. Kilio kina mwenyewe. Msiba ukiingia bomani, anayeanza kulia ni mwenye msiba. Hutoka uani, huweka mikono kichwani, hupiga ukelele wa kwanza, na ndipo wengine humiminika kumfuata. Ukimtangulia, watu watauliza ulikuwa unakingojea kifo hicho tangu lini. Na kwa mke mwenza ni vibaya zaidi. Habari ya kufiwa na mzazi humwambii mwenzio kwa mdomo wako, hiyo ni kazi ya mume. Wewe unangoja alie, ulie naye.

Basi Mama Mkubwa akangoja. Siku zilizofuata alikuwa mwema kwetu kuliko nilivyowahi kumwona. Alituletea maziwa ya asubuhi bila kuombwa. Alimtuma mwanawe Chacha atuchotee maji. Alipika ugali wa muhogo na mtama akauleta mwenyewe, umefunikwa, akauweka mbele ya Mama kwa mikono miwili, na kumtazama usoni kama anayetafuta kitu alichodondosha. Watoto wake walikatazwa kupiga kelele karibu na mlango wetu. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Niliamini tumependwa hatimaye, na kwamba maneno ya nyimbo nayo yako njiani yanakuja. Mama alikula, akashukuru, na alipoondoka mwenzake akaninong'oneza, "Leo jua limechomoza wapi?" Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka sana.

Wema ule ulikatika mjomba, kaka yake Mama, alipofika kwa bodaboda kutoka Serengeti. Alikuwa amenyolewa kichwa. Hakukaa, hakuitika hata shikamoo yangu. Mama alitoka na unga mikononi, uso umejaa furaha ya kumwona.

"Nimekuja kuona kama uko hai," mjomba alisema. "Mama tumemzika. Simu ya mumeo haipatikani, tumetangaza redioni, tumekutaja kwa jina, aliyeolewa Susuni. Umekosaje kuja kumzika mama yako?"

Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi na ule ukelele ukamtoka. Na kabla haujaisha, Mama Mkubwa alikuwa ameshatoka kwake mbio, kanga imefungwa kiunoni, analia kwa sauti yake kubwa, amenyoosha mikono kumkumbatia. Alikuwa tayari mno. Mama aliona. Alikata kilio katikati, akamsukuma.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua kama ulivyojua," Mama Mkubwa alisema, amepigwa na butwaa. "Redio imesema ndani kwako, mwenzangu. Nimekungoja ulie mpaka nimechoka."

"Redio yangu haisemi! Haijawahi kusema!"

"Usinisingizie mbele ya ndugu yako. Nimekuletea chakula cha msiba, ukakila."

Baba aliitwa kutoka Nyamongo, akafika kesho yake. Wazee wawili wa ukoo waliketi uani. Kila mmoja alisema lake, na Mama alirudia neno moja tu, kwamba spika yake haisemi. Baba alikuwa na haki ya kuumia. Kwake ile haikuwa habari ya spika, ilikuwa habari ya mgawo. Mkewe alikuwa anamwambia mbele ya wazee kwamba alimpa kitu kibovu.

"Chacha, washa," alisema.

Saa ya matangazo ilikuwa imepita. Chacha aliwasha, ukaja muziki, na spika yetu ikapiga magitaa kwa nguvu zake zote, hadi mlango ukatetemeka. Ukiwa pale uani, maneno yakitoka nyumba kubwa na ala zikitoka kwetu, wimbo ulikuwa mzima kabisa.

"Mama Robi," mzee mmoja aliuliza kwa upole, "sasa hii inayoimba ni nini?"

Kabla Mama hajajibu, Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye ngozi yake pembeni, akasema, "Hata kwangu haisemi. Inalia tu." Watu waliangua kicheko, maana masikio ya Bibi kila mtu aliyajua. Nami nilikaa kimya kwa sababu sikuona la kusema. Kwangu mambo yalikuwa wazi kama mchana, maneno ni ya nyumba kubwa, na nilidhani wakubwa wote wanajua hivyo na wanagombania kitu kingine.

Hakuna aliyempiga Mama, hakuna aliyemfukuza. Baba alimwambia tu, "Ungeniambia ukweli, ningekupeleka kwenye kaburi mimi mwenyewe." Hilo la kuitwa mwongo ndilo lililomshinda. Alfajiri alipanda juu ya ile stuli, akaikata spika ukutani kwa kisu cha jikoni, akaifunga kwenye kanga pamoja na nguo zangu. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mama alipita mbele yake akasema, bila kupandisha sauti, "Umenizuia kumzika mama yangu. Mungu akupe umri mrefu, ulikumbuke hilo." Hakurudi tena. Baba alikuja Nata mara kadhaa kumbembeleza, akawa anarudi peke yake, mpaka alipoacha kuja, na baadaye akafa, naye Mama hakwenda. Palipotajwa jina la Mama Mkubwa, yeye aliinuka akaenda kupalilia.

Baada ya kuikuta ile spika niliona siwezi kukaa nayo. Sikuwa na nia ya suluhu, nisijipambe. Nilitaka kurudisha kitu cha watu, yaishe. Nilipanda gari hadi Tarime mjini, kisha bodaboda hadi Susuni. Nyumba yetu ilikuwa imebomoka, limebaki tuta la udongo lililoota mbaazi. Mama Mkubwa nilimkuta sebuleni, miguu imevimba, ule urefu wote umekunjika kwenye kiti.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba, Robi." Alinitambua kabla sijavua kanga kichwani. "Nimesikia. Pole, mwanangu. Ningekuja kuzika. Lakini ningeingilia mlango gani?"

Nikatoa spika nikaiweka mezani. Aliitazama, akageuza uso. Chacha, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ndiye aliyesema tuijaribu. Umeme wa nguzo siku hizi umefika, na ile amplifaya ilikuwa bado ipo, inakohoa lakini inaamka. Matundu ya nyuma yaliyokuwa ya kwetu yalikuwa wazi. Hawakuwahi kuchomeka kitu kingine. Chacha alimenya waya, akaunga, nami nikaipakata spika mapajani. Amplifaya ikapata moto, ile harufu ikajaa sebule, na nikaanza kutokwa machozi bila sababu ninayoweza kuitaja.

Ilikuwa saa ya mchana, mtangazaji anasoma habari. Sauti ilitoka spika ya katikati, safi. Ya mapajani mwangu ilikuwa kimya.

"Imekufa hii," Chacha alisema.

Kisha muziki ukaanza, na mapaja yangu yakatetemeka. Magitaa. Ngoma. Na katikati, pale pa mwimbaji, ule uwazi wa mbali. Niliiinua hadi sikioni. Mtangazaji akarudi, ikanyamaza. Tulitazamana na Chacha. Akainama nyuma ya amplifaya, akachomoa waya wa spika ya katikati, akauweka wa spika ya Mama mahali pake, na ile spika ya Mama, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, ikazungumza.

Kumbe kosa halikuwa la spika. Mashine ndiyo inayogawa: maneno huyapeleka katikati, mbele, na zile za nyuma huziachia ala na mwangwi, ili yule mzungu wa kwenye picha, aliyekaa peke yake kwenye kochi, avipate vyote kwa pamoja. Ilitengenezwa kwa mtu mmoja. Baba aliipasua kwa haki, kila nyumba ipate, na hakujua kwamba alikuwa anagawa neno upande huu na kilio upande ule. Nilimwonea uchungu Baba kuliko nilivyowahi kumwonea akiwa hai.

Mama Mkubwa alikuwa ametuangalia muda wote. Aliomba apewe spika. Chacha aliirudisha kwenye tundu lake la zamani, na yule mama akaibana kwenye sikio kwa mikono miwili, amefumba macho, mtangazaji akisoma mbele yake. Alisikiliza ule ukimya mpaka habari zikaisha.

"Kwa hiyo hakusikia," alisema.

"Hakusikia."

"Na mimi nilikuwa nangoja alie." Aliiweka spika mapajani. "Amekufa akijua nilimficha?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mzee, na uongo ungekuwa na huruma. "Ndiyo," nikasema.

Aliomba mkono wa Chacha, akainuka. Alitoka uani polepole, akavuka palipokuwa zizi, akafika mbele ya lile tuta lenye mbaazi, palipokuwa mlango wetu. Aliifunga kanga kiunoni. Akaweka mikono kichwani, akanigeukia, akasimama vile, kinywa kimefumbwa, macho yakiwa kwangu. Nilichelewa kuelewa anangoja nini. Msiba ulikuwa wa kwangu sasa, na yeye hakuwa mtu wa kumtangulia mwenye msiba.

Nikaweka mikono kichwani, nikaanza, naye akanifuata.